Miezi Minne Delhi, Nikitembea kwa Niaba ya Kaka

Kaka yangu aliruhusiwa kunywa nusu lita ya maji kwa siku. Kila asubuhi niliyapima kwenye chupa ya plastiki niliyoichora mistari kwa kalamu, naye akayanywa kwa kufuata mistari hiyo, kidogo kidogo, akiyazungusha mdomoni kabla ya kumeza. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Maji aliyokunywa hayakuwa na pa kutokea. Yalijaa miguuni, kisha usoni, kisha kifuani. Mara tatu kwa wiki alilala kando ya mashine ya kuosha damu kwa saa nne, akarudi amekauka kama jani, na bado ana kiu.

Tulikuwa Delhi, ghorofa ya tatu ya nyumba ya wageni iliyokuwa nyuma ya hospitali. Mtaa mzima ulikuwa wa wagonjwa waliotoka nchi za mbali. Kwenye ngazi ulikutana na Waafghani, Wairaki, Wanigeria, kila mmoja na bahasha kubwa ya eksirei kwapani, na salamu zilikuwa za kutikisa kichwa tu kwa sababu hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Tulifika mwezi wa kumi na moja. Mimi ndiye niliyekuwa nimpe figo. Damu yetu ilikuwa imelingana tangu vipimo vya kwanza nyumbani, na madaktari wa Delhi wakatuambia tujiandae kukaa wiki sita. Tulikaa miezi minne.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nafundisha shule ya sekondari nje kidogo ya mji wa Voi, na kwa miaka kumi na mitano nilikuwa nimechora ubaoni mito ya nchi ambazo sijawahi kuzikanyaga. Kaka alikuwa dereva wa lori. Alianza na trekta kwenye shamba la mkonge, halafu akapewa lori, akawa anapakia ndizi na vitunguu Taveta na kuvishusha Voi na Mombasa. Barabara ya Salaita, kati ya Taveta na Voi, aliijua tangu ilipokuwa vumbi jekundu na mashimo. Baba yetu alifariki nikiwa darasa la tano, na kaka ndiye aliyenisomesha. Hakuwahi kunikumbusha jambo hilo hata siku moja. Aliniita Mwalimu, kwa utani, tangu nilipokuwa nikivaa kaptula.

Kilichotuchelewesha kilikuwa herufi mbili. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa jina la mama liliandikwa tofauti na lilivyo kwenye cheti cha kaka. Karani fulani, zamani, alikuwa na haraka. Sheria ya huko inazuia watu kuuza figo, kwa hiyo kamati ya hospitali ilitaka ithibitishiwe kwamba sisi ni ndugu kweli, wa mama mmoja. Vipimo vya damu peke yake havikutosha. Ilihitajika barua ya chifu wa kwetu Mghange, na nyingine ya ofisi ya usajili, zigongwe mihuri inayotakiwa.

Kazi hiyo ilimwangukia shemeji yangu, mke wa kaka, aliyebaki Voi na watoto. Shemeji alizaliwa Voi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge, lakini kwao asili ni magharibi ya Kenya. Akawa anapanda Mghange, anashuka Wundanyi, anarudi Voi, akiuliza ofisini kuhusu jina la mama mkwe wake, na makarani wakimuuliza yeye ni nani kwenye ukoo huo. Kila jioni alinitumia ujumbe. Leo afisa hayupo. Leo muhuri haupo. Leo wamesema nirudi Jumatatu.

Basi sisi tukangoja. Siku za mashine nilikaa naye. Siku nyingine tulibaki chumbani tukitazamana na dirisha lililojaa moshi, kwa maana majira yale hewa ya Delhi ni kama ya jikoni mvua ikiwa inanyesha na kuni ni mbichi. Siku moja, baada ya kama wiki mbili hivi, alinigeukia kitandani.

"Mwalimu, umekaa hapo unaniangalia kama maiti."

"Nikae wapi?"

"Wewe una miguu. Nenda ukaone mji. Ukirudi uniambie. Mimi nitasafiri kwa mdomo wako."

Nilikataa kwa heshima, kama siku moja. Siku iliyofuata nilichukua begi la mgongoni nililokuwa nimelinunua soko la Voi kubebea karatasi za hospitali, nikatia chupa ya maji, chapati mbili na daftari, nikashuka ngazi.

Nitasema ukweli hapa, kwa sababu nisipousema sehemu nyingine yote haitaeleweka. Nilifurahi. Nilipofika barabarani nikiwa na begi mgongoni na hakuna mtu wa kumshika mkono, nilijisikia mwepesi kwa namna ambayo sikuwa nimeijua tangu ujana. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, sina mke, na sikuwa nimewahi kutoka Kenya. Nilitembea hadi magoti yakauma. Maji niliyanywa huko huko njiani, chupa nzima kwa mkupuo mmoja. Mbele ya kaka sikuwahi kunywa.

Habari ya kwanza niliyompelekea ilikuwa ya soko la viungo, katika mji wa zamani. Ni vichochoro vya maduka, na magunia ya pilipili kavu yamepangwa hadi dari. Pilipili ile inaelea hewani. Kila mtu anakohoa, wauzaji, wanunuzi, hata ng'ombe aliyesimama mlangoni. Wapagazi walipita mbio na magunia kichwani wakipiga kelele tuwapishe njia, na watu wazima kama baba zetu walikokota mikokoteni mirefu ya mbao huku mishipa ya shingo imewatoka.

"Gunia ngapi kwa mkokoteni mmoja?" kaka aliniuliza jioni ile.

"Sikuhesabu."

"Matairi ya mpira au ya mbao?"

"Mbao. Nadhani mbao zenye mpira juu."

"Unadhani!" Akacheka hadi akashika ubavu. "Mwalimu, umeona mzigo na hukuangalia tairi. Kesho rudi."

Nikarudi kweli. Na tangu siku hiyo nilikuwa naandika kwenye daftari yale ambayo yeye angeuliza: lami imepasuka wapi, turubai linafungwaje, mabasi yanapita upande gani wa mizunguko, polisi wanasimama wapi.

Nilimpelekea bustani yenye makaburi ya wafalme, majumba ya mawe mekundu yenye kuba, na kasuku wa kijani wakiruka kwenye madirisha. Alitaka kujua kama kweli watu wanakata tiketi ili kuangalia kaburi. Nikamwambia ndiyo, na wageni tunalipa zaidi. "Sisi hata bila tiketi hakuna anayekuja," akasema, akimaanisha kaburi la baba.

Kuna mambo ambayo sikumwambia. Sikumwambia kwamba kwenye treni ya chini ya ardhi kiti cha kando yangu kilibaki wazi huku watu wamesimama. Sikumwambia kuhusu vijana walionifuata barabara nzima wakiimba neno moja, neno ambalo baadaye nililiuliza maana yake na kutamani nisingeuliza. Wala kuhusu mama mmoja muuza chai aliyewafukuza vijana hao kwa kijiko, akanikalisha kwenye benchi lake na kunipa chai ya tangawizi bila kunitazama tena. Ningemwambia habari za huyo mama ningelazimika kumwambia na zile nyingine.

Na sikumwambia ukweli kuhusu mto.

Ule mto nilikuwa nimeufundisha. Unashuka kutoka milima yenye theluji, unapita Delhi, unaungana na mwingine mkubwa zaidi. Kila mwaka nauchora kwa chaki ya bluu. Nilienda kuuona asubuhi moja ya mwezi wa kwanza, baridi ikiuma, nikiwa na hamu kama ya mtoto. Maji yalikuwa meusi. Juu yake palielea povu jeupe, zito, mafungu makubwa kama vile mtu amefulia nguo za dunia nzima. Harufu ilinipiga nikiwa bado juu ya ukingo. Na ndani ya povu hilo mama mmoja alikuwa amesimama hadi kiunoni, anachota maji kwa viganja na kuyamwaga kichwani, midomo ikisali.

Jioni kaka alikuwa ameketi kitandani akiningoja. Chupa yake ilikuwa imebaki mstari mmoja.

"Niambie maji," akasema.

"Ni mto mpana sana."

"Maji yakoje? Kama ya Mzima?"

Chemchemi ya Mzima iko ndani ya mbuga ya Tsavo, na maji yake ni angavu hadi unaona samaki na kivuli cha samaki. Zamani aliwahi kunipeleka huko na lori.

"Kama ya Mzima," nikasema.

Akafumba macho. "Yana baridi?"

"Ya baridi sana. Yanatoka kwenye theluji."

Alimeza mate. Nikaona koo lake likipanda na kushuka. Akaniuliza tena, na mimi nikaongeza mawe ya duara chini ya maji, na kivuli cha miti, na watoto wanaokunywa kwa viganja. Nilifika mbali katika uongo ule. Sijui hadi leo kama nilimfanyia wema au nilimtesa.

Wakati huo huo, upande wangu, kitu kingine kilikuwa kikikua. Mwezi wa kwanza ule daktari alinieleza upasuaji wangu kwa mchoro. Alichora mstari ubavuni, akaonyesha mahali mkono wake utakapoingia. Alikuwa mpole, na alisema watu wengi huishi na figo moja hadi uzee. Niliitikia kwa kichwa. Usiku sikulala, na mchana nikitembea nilikuwa napapasa ubavu wangu juu ya shati, mahali pale pale. Shemeji aliponiandikia kwamba muhuri bado, nilimjibu pole, tuendelee kuomba. Na moyoni nilishusha pumzi.

Barua zilifika Jumanne, mwezi wa pili, asubuhi. Nilikuwa mlangoni pa nyumba ya wageni na begi mgongoni, naelekea kusini mwa mji kuona mnara wa mawe unaosifiwa. Simu ikatetemeka. Shemeji alikuwa amezipata barua zote mbili na mihuri yake, akaziskani kwenye saiba, duka la intaneti pale Voi, akanitumia kwa WhatsApp. Nilisoma maneno ya kwanza juu ya kioo bila kuufungua ujumbe: *Shemeji, Mungu ni mwema, zote hizi hapa.*

Nilijua kamati inakaa Alhamisi. Nilijua karatasi zinatakiwa zifike ofisini kabla ya Jumatano saa sita mchana. Ofisi yenyewe ilikuwa dakika tano kwa miguu.

Nikarudisha simu mfukoni nikaenda kuona mnara.

Sina maelezo mazuri. Nilijiambia nitazipeleka nikirudi. Niliporudi nikajiambia ofisi imefungwa, na kweli ilikuwa imefungwa. Jumatano nikaamka nikajiambia ni siku moja tu, siku yangu ya mwisho kabla ya kisu, nipewe siku hiyo. Nikamwambia kaka kwamba ninaenda mahali malori yanapolala, nje ya mji, mahali ambapo alikuwa amenisihi niende tangu Krismasi. Kwa hiyo nilikuwa na sababu, tena sababu iliyoonekana kama upendo.

Nilipanda treni hadi mwisho wa reli, kisha nikatembea. Malori yalikuwa mamia, yamepangwa kwenye uwanja wa matope na mafuta. Yalikuwa yamepakwa rangi kama maharusi: tausi, maua ya yungiyungi, macho mawili makubwa juu ya taa za mbele ili lori lione njia. Nyuma yamefungwa kiatu kikuukuu, na mbele ndimu na pilipili kwenye uzi, kuzuia husuda. Madereva walikuwa wakioga kwenye mabomba, wakipika, wakilala chini ya chesi za malori. Mmoja wao, mzee mwenye ndevu zilizotiwa hina, aliniona nikiandika kwenye daftari akanipandisha kwenye kibanda cha lori lake. Nilimwonyesha kwa ishara kwamba kaka yangu ni dereva na ni mgonjwa. Akagusa usukani, akagusa kifua, akanivisha shada la shanga nyeusi alilolitoa kwenye kioo chake.

Jioni hiyo kaka alicheka na kulia. Nilimwonyesha picha moja moja, akazikuza kwa vidole. Alisoma matairi. Alibishana na namna walivyofunga kamba. Alisema akipona atalipaka lori lake macho mawili makubwa na kupita nalo katikati ya Taveta siku ya soko, watu waseme amerudi na wazimu wa India. Shanga alizivaa shingoni. Alizungumza hadi sauti ikakwaruza, na akasahau kumaliza maji yake. Ilikuwa jioni yake bora kuliko zote tulizokaa kule. Simu yangu ilikuwa mezani, imelazwa kifudifudi.

Alhamisi asubuhi nilipeleka barua. Yule dada wa ofisi alizisoma, akaniangalia.

"Ungezileta jana," akasema. "Kamati imeshafunga orodha ya leo. Sasa ni Alhamisi ijayo."

Nilimwambia kaka kwamba zimefika asubuhi ile ile. Alipiga makofi. Akampigia shemeji simu wakashukuru pamoja, na mimi nikasimama dirishani.

Ijumaa alikohoa. Jumamosi asubuhi alikuwa wa moto, na alikuwa akipumua kwa mabega. Tulimshusha ngazi tukiwa watu wanne, mimi na Waafghani watatu wa ghorofa ya pili ambao sikuwahi kuongea nao. Daktari alisema ni mapafu. Maambukizi, hewa chafu, mwili uliochoka. Jumatatu wakamtia bomba kooni na dawa ya kumlaza, na baada ya hapo hakusema tena.

Alhamisi iliyofuata kamati ilikaa, na jina letu lilikuwa kwenye orodha. Niliingia peke yangu. Watu watano nyuma ya meza ndefu, kamera ikirekodi. Waliniuliza jina la mama. Waliniuliza tulilala vitanda vingapi utotoni. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, akauliza swali la mwisho.

"Kuna mtu yeyote anayekulazimisha kutoa figo hii?"

"Hapana."

"Una hiari kabisa?"

"Nina hiari kabisa," nikasema, na wakati huo ilikuwa kweli. Ningelala juu ya meza ile ile.

Wakapiga muhuri. Nikapanda na karatasi hadi chumba cha wagonjwa mahututi, nikaishika mbele ya uso wake uliovimba. Nesi aliniacha dakika chache kisha akaniondoa taratibu.

Alifariki siku kumi baadaye, Jumapili, saa tatu asubuhi. Nilimuuliza daktari kama wiki ile moja ingebadilisha kitu. Alisema huenda. Alisema pia kwamba kama angekuwa amepasuliwa, dawa za baada ya upasuaji zingempunguzia kinga na maambukizi yale yangemmaliza haraka zaidi. Huenda, akarudia, akaniwekea mkono begani. Alikuwa na wagonjwa wengine.

Tulirudi naye kwenye sanduku la zinki. Kutoka Nairobi tulisafiri kwa gari hadi Voi, tukapitia Mwatate na Wundanyi, na Mghange ikatupokea kwa ukungu na matope na nyimbo za kanisa. Madereva wenzake walikuja na malori sita, wakayaegesha mstari mmoja chini ya kilima kwa sababu njia haikuweza kuyapandisha. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki, hakulia. Kila aliyenishika mkono aliniambia nimefanya kazi ya ndugu, na kwamba Mungu ameona.

Nilivumilia hadi mwezi wa nne. Shemeji alikuwa shambani Mghange, anapalilia mahindi. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama kati ya mistari: Jumanne, mnara, Jumatano, malori. Alisikiliza bila kuinua uso, jembe limesimama mkononi.

"Niliona tiki mbili za kijivu kwenye ujumbe wangu, haujafunguliwa," akasema hatimaye. "Siku mbili. Nikawaambia watoto ni mtandao wa huko."

"Niliogopa, shemeji."

"Ungesema unaogopa. Yeye angekuelewa. Mimi ningekupigia kelele, lakini yeye angekuelewa."

Mahindi yalikuwa bado mafupi, ungeweza kuona nyumba, na mama amekaa mlangoni.

"Hiyo Jumatano," akauliza, "alikuwa na maumivu?"

"Hapana. Alicheka jioni yote."

"Alisema nini?"

Nikamwambia kuhusu macho ya lori na siku ya soko Taveta. Aliketi chini, pale pale kwenye udongo mbichi, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nilipojaribu kumsogelea akainua kiganja nisije. Alipomaliza alijifuta kwa leso, akasimama, akachukua jembe.

"Mama asijue," akasema. "Huyo usimwambie kabisa."

Sijamwambia. Mwezi wa nane shemeji alifunga nyumba ya Voi, akawachukua watoto akarudi kwa wazazi wake magharibi. Hakugombana na mtu. Aliniaga kwa mkono, mbele ya watu, vizuri. Siku hizi watoto wananipigia simu Jumapili mchana, baada ya kanisa, wananieleza masomo, kisha simu inapewa mama yao. Yeye huniuliza kama mvua imenyesha Mghange, nami humwambia imenyesha au haijanyesha, na ninamuuliza ya kwao. Halafu tunaagana.